Rangi si Rangi, Papa si Papa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Miungu ya Polinesia

Kila ninapozungumza na watu kuhusu miungu ya visiwa vya Pasifiki, maswali hurudi yale yale. Nimeyakusanya hapa. Mengine nimeyajibu kwa kirefu kwa sababu yana utamu, mengine kwa mstari mmoja miwili tu.

Polinesia ni wapi hasa?

Chukua ramani ya Pasifiki uchore pembetatu. Pembe ya juu iweke Hawaii, ya chini kushoto Nyuzilandi, ya kulia Rapa Nui, ambacho vitabu vyetu hukiita Kisiwa cha Pasaka. Ndani yake mna Samoa, Tonga, Tahiti, Visiwa vya Cook, Marquesas na vingine vingi. Kutoka Hawaii hadi Nyuzilandi ni kama kilomita 7,000, na karibu zote ni maji matupu. Waliovuka maji hayo kwa mitumbwi, wakiongozwa na nyota na mawimbi, walikuwa watu wa asili moja. Lugha zao ni ndugu, na miungu yao nayo ni ndugu.

Majina haya yanasomwaje?

Hapa Mswahili amebahatika. Irabu zao ni tano kama zetu na zinatamkwa kama zetu, na silabi zao huishia kwenye irabu. Ukiona kistari juu ya irabu, ivute kidogo, kama unavyovuta a ya "kaa". Kialama kama koma iliyopinduliwa, kwa mfano katika Taʻaroa, maana yake ukate sauti kooni.

Kosa kubwa letu liko kwenye ng. Isome kama ya ng'ombe, kamwe usiisome kama ya ngoma. Tangaroa ni Tang'aroa. Wasamoa huandika g peke yake, Tagaloa, lakini husoma ng' vile vile. Na wh ya Wamaori, wenyeji wa asili wa Nyuzilandi, siku hizi hutamkwa f.

Kisha kuna mitego. Rangi wao ni mbingu, wala hapakwi ukutani. Papa ni ardhi, si samaki. Pele ni mungu wa kike wa volkano. Upele haumhusu, wala yule mwanasoka wa Brazili. Na mana, tutakayoifikia, si ile iliyowadondokea Waisraeli jangwani.

Je, wana orodha moja ya miungu, kama Wagiriki?

Hapana, na anayekuletea orodha moja amechanganya visiwa. Kilichopo ni majina yanayosafiri. Wamaori wana Tāne wa misitu na ndege, Tū wa vita, Rongo wa amani na mazao, Tangaroa wa bahari. Nenda Hawaii: t inageuka k, r inageuka l, ng inageuka n. Utawakuta Kāne, Kū, Lono na Kanaloa. Ni jambo tunalolijua. Mungu wa Mswahili kwa Mgiriama na kwa Myao ni Mulungu, na hakuna anayedhani hapo pana wawili.

Lakini jina likisafiri, kazi hubadilika. Tangaroa wa Wamaori ni mwenye bahari na samaki. Kule Samoa, Tagaloa yuko juu mbinguni, na yeye ndiye aliyeumba. Tahiti humwita Taʻaroa, na wanasimulia kwamba alikaa peke yake ndani ya kombe gizani, hakuna jua wala nchi, hadi alipochoka akalipasua. Kipande kimoja akakifanya kuba la mbingu, kingine akakifanya ardhi.

Kuna pia anayeitwa Io, ambaye baadhi ya Wamaori humweka juu ya wote. Wataalamu wamebishana kwa zaidi ya karne moja kama mafundisho hayo ni ya kale au yalikua baada ya Biblia kufika. Mimi naelemea kwa wenye shaka, ila sitagombana na Mmaori kuhusu Mungu wake.

Dunia ilianzaje?

Jibu la Taʻaroa umeshalisikia. La Wamaori linaanza na kubanana. Ranginui, baba mbingu, na Papatūānuku, mama ardhi, walikuwa wamekumbatiana hata mwanga haukupita. Watoto wao waliishi katikati, gizani, wamejikunja. Tū akashauri wazazi wauawe. Tāne akasema hapana, tuwatenganishe. Ndugu mmoja mmoja akajaribu akashindwa. Tāne akalala chali juu ya mama yake, akaweka miguu kwa baba yake, akasukuma polepole, kama mti unavyokua. Mbingu ikapanda. Mvua ni machozi ya Rangi, na ukungu wa asubuhi ni pumzi ya Papa akimlilia mumewe.

Mmoja tu hakukubali: Tāwhirimātea, mwenye upepo. Alimfuata baba yake juu, akawapiga ndugu zake kwa dhoruba. Misitu ikaanguka, samaki wakakimbilia vilindini. Tū peke yake alisimama. Kisha Tū akawageukia ndugu zake ambao hawakumsaidia: akatega mitego akala ndege wa Tāne, akasuka nyavu akala samaki wa Tangaroa, akachimba viazi vitamu vya Rongo. Tū ndiye sura ya binadamu, na kisa hiki ndicho hati yetu ya kula vitu ambavyo, kwa nasaba, ni ndugu zetu.

Neno nasaba ndilo la kushika hapa. Wamaori huita whakapapa, na inaanza kwa Rangi na Papa, inapita kwa samaki, ndege na mitishamba, ikafika kwa babu yako. Wahawaii wana utenzi uitwao Kumulipo, mistari zaidi ya 2,000, uliokuwa nasaba ya ukoo wa kifalme. Unaanza usiku wa manane wa ulimwengu, na kiumbe cha kwanza kuzaliwa humo ni mdudu wa tumbawe. Mfalme Kalākaua aliuchapisha mwaka 1889, na dada yake, Malkia Liliʻuokalani, akautafsiri kwa Kiingereza mwaka 1897, baada ya kupinduliwa. Fikiria malkia aliyenyang'anywa kiti, anaketi kuandika nasaba inayoanzia kwenye matumbawe.

Māui ni mungu au mtu?

Yuko katikati. Sisi tungemwelewa haraka: ni sungura wa visa vyetu akiwa amepewa umbo la mtu. Ni kitinda mimba, mjanja, mkaidi. Wamaori wanasema alizaliwa kabla ya wakati, na mama yake Taranga akamfunga katika nywele zake akamtupa baharini. Akaokolewa, akarudi nyumbani kudai nafasi yake.

Visa vyake vimeenea visiwa vingi. Alilikamata jua kwa kamba akalipiga mpaka likakubali kwenda polepole. Wahawaii wanakuonyesha mlima wenyewe, Haleakalā, na wanasema alifanya hivyo kwa sababu nguo za gome la mti alizotengeneza mama yake hazikupata muda wa kukauka. Sababu ni ya nyumbani kabisa, kama ya mtu aliyeanika kanga jua likazama.

Alivua pia nchi. Kaka zake hawakutaka kwenda naye baharini, akajificha ndani ya mtumbwi. Ndoana yake ilikuwa taya la bibi yake, na walipomnyima chambo alijipiga pua akapaka damu yake kwenye ndoana. Alichokitoa chini ndicho Kisiwa cha Kaskazini cha Nyuzilandi, kinachoitwa hadi leo Te Ika-a-Māui, Samaki wa Māui. Kaka zake wakaanza kumkatakata kwa uroho, na mapanga yao ndiyo yaliyoacha mabonde na milima. Wellington iko kwenye kichwa cha samaki huyo, mkia uko kaskazini. Watonga nao wanasema visiwa vyao vilivuliwa hivyo hivyo, kwa ndoana iliyotoka Samoa.

Kwa nini binadamu hufa?

Kwa sababu ya kicheko cha ndege. Lakini kisa kinaanzia mbali. Tāne alifinyanga mwanamke wa kwanza kwa udongo, akazaa naye binti, Hine-tītama, kisha akamwoa binti huyo bila yeye kujua nani baba yake. Alipojua, alikimbilia kwenye giza. Tāne akamfuata akilia, naye akamwambia arudi awalee watoto wao juu kwenye mwanga. Yeye atakaa chini awapokee watakapokuja. Akawa Hine-nui-te-pō, Bibi Mkuu wa Usiku. Kwa hiyo mauti ya Wamaori ni mama anayewangoja wanawe.

Māui alitaka kumshinda. Alimkuta amelala, akaamua apite ndani ya mwili wake kwa njia ambayo mtoto hutokea, atokee kinywani, na mauti yafe. Akawaonya ndege aliofuatana nao wasicheke. Alipoingia nusu, miguu inaning'inia nje, yule ndege mdogo mwenye mkia kama upepeo hakuweza kujizuia. Bibi akaamka, akabana mapaja, na Māui akafa. Hata leo, ndege huyo akiingia nyumbani kuna Wamaori wanaohisi msiba unakuja. Sisi hapa tunamwogopa bundi.

Pele anaaminiwa mpaka leo?

Wapo wanaomwita bibi yao, bila mzaha. Pele alitoka Kahiki, ng'ambo, akikimbizwa na dada yake wa bahari, Nāmakaokahaʻi. Alichimba shimo la moto Kauaʻi, dada akaja akalizima kwa maji. Akahamia Oʻahu, kisha Maui, mwisho kisiwa kikubwa cha Hawaiʻi, ambako yuko sasa katika kasoko ya Halemaʻumaʻu, mlima Kīlauea. Wanajiolojia walipopima miamba walikuta mpangilio ule ule: Kauaʻi ina umri wa kama miaka milioni 5, na visiwa vinazidi kuwa vichanga kadiri unavyokwenda kusini-mashariki. Waliotunga kisa hawakuwa na mashine. Walikuwa na macho, na waliona mawe ya wapi yamechakaa zaidi.

Mwaka 1824 mwanamke wa ukoo wa machifu, Kapiʻolani, aliyekuwa ameingia Ukristo, alikwenda kwenye kasoko akala matunda ya Pele bila kumtolea kwanza, akasali kwa Mungu wake, akarudi mzima. Wamisionari walilisimulia jambo hilo sana. Walilisimulia kidogo la mwaka 1881, lava iliposogelea mji wa Hilo na binti wa ukoo wa kifalme, Ruth Keʻelikōlani, akaenda kumtolea Pele sadaka. Lava ilisimama kabla ya kuingia mjini. Na mwaka 2018, Kīlauea ilipomeza nyumba zaidi ya 700, watu waliweka majani ya mti wa kī kwenye nyufa za barabara, wengine mbele ya nyumba zao wenyewe.

Kuhusu laana ya kuchukua mawe: ni kweli watalii hurudisha mawe kwa posta wakilalamika mikosi. Laana yenyewe haionekani katika masimulizi ya kale.

Mana na tapu ni nini?

Mana ni uwezo unaoambatana na heshima: wa chifu, wa fundi wa mitumbwi, wa mahali. Unarithiwa, unaongezeka, unapotea. Tapu ni mwiko unaoulinda. Waingereza walilichukua neno hilo kutoka Tonga katika safari ya baharia wao, Kapteni Cook, ya mwaka 1777, likaenea duniani.

Hawaii huitwa kapu, na lilikuwa zito. Wanaume na wanawake hawakula pamoja, na mwanamke alikatazwa nguruwe, nazi na aina nyingi za ndizi. Mwaka 1819, baada ya mfalme Kamehameha I kufariki, wajane wake Kaʻahumanu na Keōpūolani walimshinikiza mfalme mpya, Liholiho, akaketi akala na wanawake mbele ya watu. Karamu moja, na utaratibu wa karne nyingi ukavunjika. Wamisionari walifika mwaka uliofuata, wakakuta mahekalu yameshachomwa.

Kuna visa vya vyakula tunavyovijua?

Hapa ndipo ninapopapenda. Chukua nazi iliyofuliwa, igeuze uitazame kitakoni. Kuna vidoa vitatu, na kimoja ni laini, unaweza kukitoboa kwa kijiti. Wasamoa wanasimulia kwamba msichana Sina alikuwa na mkunga aliyemfuga tangu mdogo. (Nasema samaki mkunga, asije mtu akafikiria wodi ya wazazi.) Mkunga alikua, akampenda, akawa anamfuata kila bwawa la maji hadi Sina akaogopa. Machifu walipoamua kumuua, mkunga aliomba jambo moja: kichwa chake kizikwe karibu na nyumba ya Sina. Pale ukaota mnazi. Vile vidoa ni macho yake mawili na kinywa, na kila Sina akitoboa dafu akanywa, anambusu. Nimekunwa na nazi maisha yangu yote, yaani nimezikuna, na tangu niliposikia kisa hiki siwezi kukitupa kifuu bila kukitazama usoni.

Magimbi, au nduma kwa ndugu wa Kenya, yana kisa kizito zaidi. Wākea, baba mbingu wa Wahawaii, alipata mtoto aliyezaliwa mfu. Walimzika kando ya nyumba, na kaburini likaota gimbi la kwanza, majani yake yakitikisika kwa upepo. Mtoto wa pili akapewa jina la kaka yake, Hāloa, naye ndiye babu wa watu. Kwa hiyo gimbi ni kaka mkubwa: wewe unamtunza shambani, yeye anakulisha.

Watonga wana kava, kinywaji cha mizizi kinachonywewa kwenye mikutano ya heshima. Mfalme alitua kisiwa kidogo wakati wa njaa, na maskini mume na mke hawakuwa na cha kumkaribishia. Walimchinja binti yao, aliyekuwa na ukoma. Mfalme alipojua hakula, akaagiza azikwe. Kaburini ikaota miti miwili, kava upande mmoja na muwa upande wa pili. Panya akatafuna kava akayumba, akatafuna muwa akasimama sawa.

Nyota zina nafasi gani?

Kubwa, na hapa tuna jirani yetu. Kile kishada cha nyota tunachokiita Kilimia, jina lenye kulima ndani yake, Wahawaii hukiita Makaliʻi na Wamaori Matariki. Wahenga wetu walisema Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Hawaii, Makaliʻi ikianza kuchomoza jua linapotua, kama katikati ya Novemba, Makahiki ilikuwa imefika: miezi minne ya Lono, vita marufuku, kodi za mazao, michezo ya ngumi na mieleka.

Nyuzilandi kishada huonekana alfajiri ya baridi kali, Juni au Julai. Wanasema Tāwhirimātea, kwa uchungu wa wazazi wake kutenganishwa, aling'oa macho yake, akayaponda na kuyarusha mbinguni. Hizo ndizo nyota zenyewe. Moja, Pōhutukawa, ni ya waliokufa mwaka huo, na majina yao hutajwa inapoonekana. Kisha chakula hupikwa, sufuria hufunuliwa, na mvuke unapanda kuzilisha nyota. Tangu 2022 Matariki ni sikukuu ya kitaifa.

Ni kweli Wahawaii walimwona Kapteni Cook kuwa mungu?

Alitia nanga ghuba ya Kealakekua Januari 1779, wakati wa Makahiki, akapokewa na makuhani wa Lono kwa taratibu za Lono. Aliondoka, mlingoti ukavunjika, akarudi msimu umekwisha. Mashua ikaibiwa, akajaribu kumteka chifu Kalaniʻōpuʻu, akauawa tarehe 14 Februari. Wanaanthropolojia Marshall Sahlins na Gananath Obeyesekere walibishana vikali: wa kwanza alisema walimwona Lono, wa pili akasema hiyo ni ngano ya Wazungu kujitukuza. Nadhani swali lenyewe limepinda. Neno lao akua halina ukuta kati ya mungu, mzimu na chifu mkuu kama neno letu lilivyo nao.

Sanamu za Rapa Nui ni miungu?

Hapana, moai ni wahenga, walisimamishwa wakiwa wameelekeza uso kijijini. Mungu wao mkuu ni Makemake. Kwa ajili yake, kila mwaka vijana waliogelea hadi kisiwa kidogo cha Motu Nui kutafuta yai la kwanza la ndege wa baharini. Bwana wa aliyelipata aliitwa mtu-ndege kwa mwaka mzima.

Kama unataka kuona sanamu ya mungu kwa karibu, kuna ile ya kisiwa cha Rurutu iitwayo Aʻa, sasa iko British Museum, London. Uso na mwili wake umejaa vijitu 30 vilivyochongwa: vingine ndiyo macho, pua na mdomo. Mgongoni ina mfuniko, na ndani ni tupu.

Ile filamu ya katuni ya Moana (2016) ina ukweli gani?

Māui, ndoana na mitumbwi ni vya kweli. Te Fiti, yule mungu wa kike wa filamu, na moyo wake vilibuniwa.

Dini hii iliisha lini?

Inategemea kisiwa. Samoa, inasimuliwa kwamba Nafanua, mungu wa kike wa vita, alimwambia chifu wa ukoo wa Malietoa angoje taji kutoka mbinguni. Mwaka 1830 mmisionari John Williams alipofika, Malietoa Vainuʻupo akaona ndilo hilo. Leo Wapolinesia wengi ni Wakristo, na Jumapili ya Tonga duka hulioni wazi.

Lakini nasaba haikufutwa. Mwaka 2017 bunge la Nyuzilandi lilipitisha sheria inayoutambua mto Whanganui kuwa na haki kama mtu, baada ya makabila yake kudai kwa zaidi ya karne moja kwamba mto ni mhenga wao. Na Hawaii mwaka 2019, wazee walikaa barabarani wakakamatwa kuzuia darubini kubwa isijengwe Mauna Kea, mlima wanaouhesabu kuwa mzaliwa wa kwanza wa mbingu na ardhi.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna uhusiano wowote nao?

Wa mbali, kupitia Madagaska. Kimalagasi kilitoka kisiwa cha Borneo, Asia ya Kusini-Mashariki, na ni cha familia moja na lugha za Polinesia. Mbili kwa Mmalagasi ni roa, kwa Mmaori rua. Nane ni valo na waru. Mbingu ni lanitra na rangi. Wataalamu wengi wanaona ngalawa yetu, yenye matengo pande zote mbili, ilitokana na mabaharia wa asili hiyo waliokuja upande huu wa bahari, wakati binamu zao walikwenda upande wa pili na Tangaroa.